Kwa nini embe lililochumwa changa halinukii

Bana pua, kisha tafuna kipande cha embe bivu. Ulimi utapata sukari na uchachu kidogo, basi. Achia pua, na hapo ndipo dodo linapokuwa dodo. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ya tunda ni kemikali nyepesi zinazopaa kutoka kinywani hadi puani.

Baadhi ya kemikali hizo zimo tangu tunda likiwa bichi. Vunja kikonyo cha embe bichi uusikie utomvu wake: ule ukali ni terpeni. Lakini esta na laktoni, zenye harufu tamu, tunda huzitengeneza zaidi siku za kuiva, kwa akiba lililojiwekea likiwa mtini.

Ndizi inaonyesha vizuri kazi hiyo. Vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali, huichukua lusini, moja ya amino asidi, na kuigeuza hatua kwa hatua kuwa alkoholi. Kimeng'enya kingine huiunganisha alkoholi hiyo na asetili, kipande cha kemikali chenye asili moja na asidi ya siki, na matokeo yake ni isoamili asetati, harufu ambayo mtu huitambua akiwa mlangoni. Wakati huohuo wanga, ambao ni kama gramu 20 katika kila gramu 100 za ndizi mbichi, hushuka hadi gramu 1 au 2, na nafasi yake kushikwa na sukari.

Anayetoa amri ni ethilini, gesi inayotoka kwenye tunda lenyewe. Ikianza, huchochea ethilini zaidi. Embe, ndizi, papai, parachichi na pasheni hufuata utaratibu huu. Nanasi na chungwa sivyo: nanasi hupokea sukari kutoka kwenye majani na halina akiba ya maana ya wanga, kwa hiyo ukilikata kabla ya wakati, ganda linaweza kugeuka manjano bila utamu kuongezeka.

Kosa kubwa tunaloliona ni kuvundika maembe ambayo hayajakomaa. Ethilini inaweza kulilainisha embe changa na kulipaka rangi, ila haiwezi kulipa akiba lisiyokuwa nayo. Kabla ya kuchuma, tazama mabega: yawe yamejaa hadi kufikia usawa wa kikonyo au kukipita. Pasua embe moja la mfano. Nyama iliyo karibu na kokwa iwe imeanza umanjano.

Kwa kuvundika nyumbani, panga maembe kwenye boksi pamoja na ndizi mbivu tatu au nne, au pasheni, ambayo hutoa ethilini nyingi sana. Funika kwa saa 24, kisha fungua. Usipofungua, kabonidayoksaidi ya matunda yanayopumua hujaa na kuizuia ethilini isifanye kazi. Unaishia na matunda yenye harufu ya pombe. Kwenye vyumba vya biashara, ndizi hupewa ethilini sehemu 100 kwa milioni, joto likiwa kati ya nyuzi 16 na 18.

Joto ndilo linalowaangusha wengi ukanda wa pwani. Ndizi aina ya Cavendish zikikaa kwenye nyuzi 30 na zaidi hulainika ndani huku ganda limebaki kijani, kwa sababu rangi hiyo haivunjiki vizuri. Baridi nayo ina madhara yake: chini ya nyuzi 13 ganda hufifia kuwa la kijivu na vimeng'enya vya harufu hudhoofika.

Kabaidi, kemikali ya viwandani ambayo wengine huvundikia matunda, tunaikataa kabisa. Ikipata unyevu hutoa asetilini, gesi inayoigiza ethilini kwa nguvu ndogo sana na kushika moto upesi. Kabaidi ya viwandani pia huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, hatari kwa anayeishika na kwa mlaji.

Embe likishaiva, friji inafaa kulitunza siku chache. Litoe saa moja kabla ya kula: likiwa la baridi, kemikali zake hazipai vya kutosha kufika puani.