561, namba inayojifanya tasa

Kwa macho tu, 561 haina siri kubwa: jumla ya tarakimu zake ni 12, kwa hiyo inagawanyika kwa 3, na tukiendelea kuigawa tunapata 3 × 11 × 17. Hata hivyo, sisi tunaoshughulika na nadharia ya namba tunaiogopa kidogo, kwa kuwa ndiyo namba ndogo kuliko zote inayolishinda kabisa jaribio la Fermat, yaani njia ya kupima kama namba ni tasa.

Mwaka 1640 Pierre de Fermat alieleza kwamba, ikiwa p ni namba tasa na a ni namba kamili isiyogawanyika kwa p, basi a kwa kipeo cha p − 1, ikigawanywa kwa p, huacha baki la 1. Kwa hiyo namba yoyote inayoacha baki jingine si tasa, hata kama hatujui kigawo chake hata kimoja. Kinyume chake ndicho kisichoaminika. Namba 341, yaani 11 × 31, hutoa baki la 1 tukitumia 2, lakini tukitumia 3 baki linakuwa 56 na uongo wake unafichuka. Namba 561 haifichuki hivyo: kila a isiyo na kigawo cha pamoja nayo zaidi ya 1, ikipandishwa kwa kipeo cha 560, huacha baki la 1.

Sababu yake imo katika 560. Tukitoa 1 katika kila kigawo tasa tunapata 2, 10 na 16, na zote tatu zinaigawa 560 bila baki. Basi a⁵⁶⁰ huacha 1 kwa 3, kwa 11 na kwa 17, na kwa hiyo kwa 561 pia. Sharti hili lilitolewa na Alwin Korselt mwaka 1899. Namba za aina hii zimepewa jina la Robert Carmichael, aliyeandika juu yake mwaka 1910, ingawa kwa haki Václav Šimerka alikwishaorodhesha saba za kwanza mwaka 1885. Baada ya 561 zinafuata 1105 na 1729, na mwaka 1994 Alford, Granville na Pomerance walithibitisha kwamba hazina mwisho.

Dawa yake ni kutokurukia kipeo cha 560 moja kwa moja. Kwa kuwa 560 = 16 × 35, tunaanza na 2³⁵, ambayo huacha 263, kisha tunapandisha mraba hatua kwa hatua: 166, halafu 67, halafu 1. Hapo pana ushahidi, kwa sababu kwa namba tasa, mraba huacha 1 pale tu namba yenyewe inapoacha 1 au −1, na 67 si mojawapo. Jaribio la Miller na Rabin, ambalo nalo hupima kama namba ni tasa, limejengwa juu ya hoja hiyo. Kwa 561 tunapata hata zaidi ya tulichoomba, yaani vigawo vyake: 67² − 1 ni 66 × 68, kigawo kikubwa cha shirika cha 66 na 561 ni 33, na cha 68 na 561 ni 17.