Kutoka Ontario hadi Kilifi: Maswali na Majibu Kuhusu Ufuatiliaji wa Virusi vya RSV

RSV ni nini, na kwa nini wazazi wengi hawajawahi kulisikia jina hili?

RSV ni virusi vinavyoshambulia njia ya hewa. Mtu mzima mwenye afya huviona kama mafua ya kawaida yanayoisha baada ya siku chache, lakini kwa mtoto mchanga, ambaye vijia vya hewa ndani ya mapafu yake ni vyembamba mno, huweza kushuka kifuani na kuviziba vijia hivyo kwa uvimbe na makamasi. Karibu kila mtoto huwa ameshaambukizwa kabla ya kutimiza miaka 2. Kwa mwaka 2019 pekee, makadirio ya kimataifa yanaonyesha kwamba RSV ilichangia vifo vya zaidi ya watoto 100,000 walio chini ya miaka 5, na walio wengi kabisa miongoni mwao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Jina halisikiki kwa sababu kipimo chake hakipatikani katika vituo vingi vya afya. Mganga huandika nimonia, nyumbani tunasema kichomi, na kirusi kilichosababisha hakitajwi popote.

Inawezekanaje kujua kwamba virusi vilivyo Kilifi vinahusiana na vilivyoonekana ng'ambo?

Kila kirusi kina maandishi ya vinasaba, na maandishi hayo hukosewa kidogo kila kirusi kinapojinakili. Makosa hayo hurithiwa, kwa hiyo virusi viwili vyenye kosa lilelile huwa na uwezekano mkubwa wa kutoka katika ukoo mmoja, kama vile nakala mbili za utenzi zenye kosa moja la mwandishi zinavyodhihirisha kwamba zilinakiliwa kutoka kwa mswada mmoja.

Mwezi Desemba 2010, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, ilichukuliwa sampuli ya RSV ya kundi A yenye kosa lisilo la kawaida: kipande cha herufi 72 kilikuwa kimerudiwa mara ya pili katika jeni inayotengeneza protini ambayo kirusi huitumia kujishikiza kwenye seli ya mwanadamu. Ukoo huo ukapewa jina la ON1. Mwanzoni mwa mwaka 2012, watafiti waliokuwa wakichunguza sampuli za watoto waliolazwa hospitalini Kilifi, pwani ya Kenya, waliukuta ukoo uleule. Katika misimu iliyofuata uliusukuma kando ukoo uliokuwepo kabla yake, na hivyo ndivyo ilivyotokea katika sehemu nyingine nyingi za dunia. Haikuwa mara ya kwanza. RSV ya kundi B yenye herufi 60 zilizorudiwa ilionekana Buenos Aires, nchini Argentina, mwaka 1999, nayo pia ikaenea duniani kote, Kilifi ikiwemo.

Je, ina maana kwamba ukoo huo ulizaliwa Kanada?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Mahali palipoonekana kirusi kwa mara ya kwanza ni mahali palipokuwa na mtu anayetazama, mwenye maabara na fedha za kusoma vinasaba. Huenda ukoo ulizaliwa katika mji ambao hakuna aliyechukua sampuli hata moja mwaka ule. Kilifi yenyewe inaonekana kwenye ramani hii kwa sababu ufuatiliaji wa RSV hospitalini ulianza pale mwaka 2002 na ukaendelea mwaka baada ya mwaka. Si kwa sababu watoto wa Kilifi wanaugua zaidi kuliko wa Tanga au wa Pemba.

Sampuli hukusanywa vipi?

Mhudumu hupitisha kijiti chenye pamba puani, na maabara hutafuta vinasaba vya kirusi kwa kipimo cha PCR. Shirika la Afya Duniani lina mtandao wa maabara za kitaifa za homa ya mafua ulioanzishwa mwaka 1952, nao ndio uliotumika kuongeza RSV katika orodha ya virusi vinavyopimwa. Kulikuwa na kikwazo kimoja chenye funzo: mtandao wa mafua humchagua mgonjwa mwenye kikohozi na homa, ilhali watoto wachanga wengi wenye RSV hawana homa kabisa. Kwa hiyo ilibidi sharti la homa liondolewe, la sivyo wale walio hatarini zaidi wasingehesabiwa.

Msimu wa RSV ni lini kwetu?

Ulaya na Amerika Kaskazini husema majira ya baridi, jibu ambalo halina maana kwa mtu aishiye karibu na ikweta. Huko Kilifi, mlipuko huanza kwa kawaida kati ya Septemba na Novemba, hufikia kilele miezi ya mwanzo ya mwaka, wakati joto la pwani ni kali, na huweza kujikokota hadi katikati ya mwaka. Hata ratiba ya nchi za baridi si amri: hatua za kuzuia UVIKO-19 zilipoizima RSV mwaka 2020, ilirudi Australia mwishoni mwa mwaka huohuo, wakati wa kiangazi chao.

Nani huiingiza nyumbani?

Mara nyingi ni kaka au dada mkubwa wa mtoto, hasa anayekwenda shule. Hayo yalionekana katika utafiti wa kaya uliofanyika Kilifi mwaka 2009 na 2010, ambapo watu wote wa nyumba walichukuliwa sampuli mara kwa mara, wawe wagonjwa au wazima. Yule mwenye makamasi kidogo tu, ambaye hakuna mtu angempeleka hospitali, ndiye aliyekuwa daraja. Basi mkubwa akiwa na mafua, anawe mikono kwa sabuni na asimbusu mtoto mchanga. Mtoto akipumua haraka, kifua kikibonyea ndani, au akishindwa kunyonya, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Ufuatiliaji huu unamsaidia nini mama mjamzito?

Sasa ipo chanjo ambayo mama huchomwa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito ili kingamwili zake zipite kwenye kondo na kumlinda mtoto katika miezi yake ya mwanzo. Shirika la Afya Duniani liliithibitisha mwezi Machi 2025. Ulinzi huo hupungua baada ya miezi michache, hivyo suala la lini itolewe ni zito. Nchi yenye msimu mfupi huweza kuitoa kwa miezi maalumu. Pale ambapo virusi huzunguka kwa sehemu kubwa ya mwaka, kama Kilifi, kalenda ya namna hiyo ingewaacha wazi watoto wengi, na wilaya ambayo haijawahi kupima haina hata kalenda ya kuanzia.