Filamu ya Mkwawa: tunavyodhani na ilivyokuwa

Hapa Iringa kila mtu ana filamu ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kichwani: Wahehe na mikuki upande huu, Wazungu na bunduki upande ule. Naitamani sana filamu hiyo, ndiyo maana naomba tusianze na uongo.

Dhana: Kwenye vita vya Lugalo, hapa Iringa, walipigana Waafrika na Wazungu.

Ukweli: Kikosi cha kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski kilichovamiwa na Wahehe Agosti 17, 1891 kilikuwa na Wazungu wachache tu. Askari wake wengi walikuwa Waafrika, wakiwemo waliotolewa Sudan na Msumbiji, na pamoja nao wapagazi. Zelewski aliuawa, lakini wengi wa waliolala pale porini ni hao. Mwongozaji akiwaacha, maiti wa siku ile watakuwa hawana sura.

Dhana: Mkwawa alikuwa shujaa wa Watanganyika wote tangu enzi zake.

Ukweli: Hii ndiyo inayoninyima usingizi. Tanganyika yenyewe haikuwepo. Shika barabara ya Mbeya, ukifika Mbarali uliza habari za Merere, mtawala wa Wasangu. Wahehe waliwafukuza Wasangu kwao hadi Usafwa, na Wajerumani walipokuja, Merere akashikamana nao ili arudi nyumbani. Ni rahisi kumpa nafasi ya msaliti. Alimsaliti nani, wakati Mkwawa hakuwa mtawala wake? Nawaza filamu ikionyeshwa Rujewa, na mtoto wa Kisangu amekaa mstari wa mbele karibu na baba yake. Mkwawa tumemfanya wa taifa zima baadaye, na ni haki yake, ila si kwa kumtukanisha babu wa mtoto yule.

Dhana: Filamu za historia ni burudani tu.

Ukweli: Mwaka 1941 Ujerumani ya Hitler ilitoa filamu ya kumtukuza Carl Peters, mwanzilishi wa koloni la Wajerumani, ambaye huku kwetu aliitwa Mkono wa Damu.

Dhana: Wajerumani walimuua Mkwawa vitani.

Ukweli: Alijipiga risasi mwenyewe huko Mlambalasi, Julai 19, 1898, akiwa amezingirwa. Kichwa kilikatwa akiwa tayari amekufa, kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulitaka fuvu lirudishwe. Lilifika Kalenga 1954. Limo makumbusho hadi leo, ndani ya kioo, dogo kuliko nilivyotarajia. Mimi ningeanzia hapo: chumba kimya, na wanafunzi wakisogea mmoja mmoja kulitazama.