Kadi Ikae Kiooni, Lakini Ipumue

Januari, kaskazi ikiwa imeshika kweli kweli, kijana mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, aliniletea kompyuta yake ya mezani. "Fundi, nikicheza gemu dakika kumi tu, feni zinalia kama jenereta." Kadi yake ya michoro, ile inayotengeneza picha za skrini, aina ya RTX 3060, alikuwa ameisimamisha wima ili uso wake utazame nje, na ilipendeza. Nikajaribu kupitisha kidole kati ya feni za kadi na kioo cha ubavuni mwa kasha la kompyuta. Hakikupita.

Ugonjwa wote ulikuwa hapo. Kadi ile hula hadi wati 170, na karibu zote huishia kuwa joto. Feni zake huvuta hewa kutoka mbele, na mbele kuna kioo. Nikaondoa kile kioo huku gemu ikiendelea, joto likashuka kutoka digrii 83 hadi 70. Tena vyumba vyetu vingi havina eyakondishen: chumba kikipanda digrii moja, kadi nayo hupanda karibu digrii moja.

Kadi iliyolala kwenye madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, hutuonyesha ubavu tu, ndiyo maana watu huisimamisha. Lakini makasha mengi yana nafasi za wima za kufungia kadi karibu sana na kioo. Kila nafasi ina upana wa milimita 20.32, kwa hiyo kadi ya nafasi mbili ina unene wa kama sentimita 4, na nyingi siku hizi ni nene zaidi. Mimi sikubali chini ya sentimita 3 mbele ya feni.

Kijana alitaka tutoboe kioo chenyewe. Hapana. Kioo cha kasha huwa kimeimarishwa kwa moto, na kioo cha namna hiyo hakitobolewi wala hakikatwi. Ukikigusa na keekee kinapasuka chote vipande vidogo vidogo. Hata kona yake ikigonga sakafu ya vigae, kimekwenda. Nilimkatia akriliki, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, ya milimita 3, nikaifunga kwa skrubu ndefu nne, kila moja nikiivisha kipande cha mrija wa alumini chenye urefu wa milimita 25. Ubavu mpya ukasimama nje ya kasha, hewa ikaingia pande zote.

Akriliki haitaki haraka. Iache na karatasi yake ya kinga mpaka mwisho, na ukate kwa mwendo wa polepole, kwani msumeno ukienda mbio inayeyuka na kushikana tena nyuma yake. Matundu yawe mapana kidogo kuliko skrubu, kwa sababu inatanuka kwa joto. Tundu likiibana, ufa huanzia hapo. Na usiifute kwa spiriti kamwe. Maji ya sabuni na kitambaa laini yanatosha.

Ukikata bati la kasha lenyewe, toa kwanza kila kitu ndani, hata waya. Chembe moja ya chuma ikibaki kwenye madabodi inaweza kuleta shoti. Kisha piga msasa ukingo, paka praima, halafu rangi, ndani na nje. Upepo wa bahari hausamehi bati lililo wazi. Mimi huona kutu kwenye makasha ya Nyali na Mji wa Kale mapema kuliko nilivyozoea kuiona kwa wateja wa bara.

Kadi ya wima huunganishwa kwa raiza, ule waya bapa unaoiunganisha na madabodi kwa njia ya mawasiliano iitwayo PCIe, ambayo ina vizazi, kila kipya kikiwa na kasi zaidi. Raiza ya kizazi cha 3 ikipewa kadi ya kizazi cha 4, mara nyingi skrini hubaki nyeusi, au kompyuta hukwama katikati ya gemu, na mwenye nayo huamini kadi imeungua. Ingia kwenye bayosi, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, uweke nafasi ya kadi iwe kizazi cha 3. Fanya hivyo kadi ikiwa bado imechomekwa moja kwa moja kwenye madabodi, maana baadaye huenda usione kitu cha kubadilisha. Kasi inayopotea kwa kadi ya kiwango kile ni ndogo mno.

Kwenye ule mwanya wa pembeni nilibandika wavu wa mbu wa madirishani. Vumbi jembamba litapita, lakini nyuzi na manyoya ya paka hayapiti, na nyumba ya kijana huyu ina paka watatu. Nilimwomba aufue wavu kila mwezi. Gemu ileile, chumba kikiwa digrii 32, kadi sasa inakaa kwenye 72.