Je, wajua kwa nini kuchora yaliyokupata hubadilisha unavyoyakumbuka?

Wanafunzi wawili wanafukuzwa shule siku moja kwa kukosa karo. Wanapanda matatu moja kurudi Kayole. Miaka ishirini baadaye mmoja anasimulia, "Ndiyo siku niliyojua sisi ni maskini." Mwenzake anasema, "Ndiyo siku niliyojua mama yangu haogopi mtu," kwa kuwa mama alimrudisha shuleni kesho yake na kuketi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu hadi akasikizwa. Kisa ni kimoja, lakini kila mmoja ameondoka na maana yake. Je, yule wa kwanza anaweza kuisimulia siku hiyo upya bila kujidanganya?

Anaweza, kwa sababu ubongo hauhifadhi matukio yakiwa mazima. Mwaka 1932 mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Cambridge alieleza jinsi alivyowapa Waingereza hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, kisha akawataka waikumbuke. Kila walipoirudia waliipinda ifanane na mambo waliyoyazoea. Mtumbwi ukageuka mashua ya kawaida. Mwaka 2000 Karim Nader na wenzake huko New York walikwenda mbali zaidi. Waliwazoesha panya kuogopa mlio fulani, wakawakumbusha mlio ule, kisha papo hapo wakawadunga kwenye ubongo dawa inayozuia utengenezaji wa protini. Hofu ikafifia. Panya waliodungwa bila kukumbushwa waliendelea kuogopa kama kawaida. Inaelekea kumbukumbu ikiamshwa hulegea kwa muda, na ni lazima ijengwe tena ndipo ikae.

Basi kwa nini kuchora, kusimulia kusitoshe? Kwa sababu mdomo unajua kukwepa. "Nilifukuzwa shule" ni maneno mawili tu, yamekwisha. Karatasi haikuachi hivyo: lango lilikuwa wapi? Wewe ulisimama wapi? Nani alikuwa kando yako? Wengi hushtuka kuona wamechora lango refu kama jumba la KICC jijini Nairobi na wao wenyewe wadogo kama punje ya mtama. Hapo ndipo unapoona ulivyoibeba siku hiyo. Tena kuchora hushika akilini: mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walionyesha kuwa watu hukumbuka maneno waliyoyachora vizuri kuliko waliyoyaandika, hata wakipewa sekunde 4 tu, na ustadi wa mchoro haukuwa na maana. Kwa hivyo kisingizio cha "mimi sijui kuchora" hakisaidii.

Hiyo ni picha ya kwanza, ya ilivyokuwa; ya pili ndiyo ya mawazo. Unachora tukio lilelile, ila sasa unamwingiza mtu mzima uliye leo: apite langoni, ainame, amwambie yule mtoto alichohitaji kuambiwa. Wataalamu wa tiba ya akili wana mbinu ya namna hii, na kwa ndoto za kutisha imepimwa. Mwaka 2001 Barry Krakow na wenzake walichapisha matokeo ya wanawake waliodhulumiwa kingono, ambao waliibadilisha ndoto yao walivyotaka na kuirudia akilini mchana, majinamizi yakapungua. Ubongo unajua fika kwamba mambo hayakwenda hivyo. Kinachopungua ni ule unyonge wa kutokuwa na la kufanya.

Nairobi ina mfano mkubwa zaidi wa kuyageuza yaliyokupata, ingawa wahusika ni wasanii na si matabibu. Wajukuu, kikundi cha Lunga Lunga katika mtaa wa mabanda wa Mukuru, kilialikwa mwaka 2022 kwenye maonyesho ya sanaa ya documenta mjini Kassel, Ujerumani. Mlango wa ukumbi wakaujenga kwa mabati yenye kutu, kwa umbo linalokumbusha nyumba za Mukuru na manyatta za Wamaasai. Mabati ambayo mtu angeyaficha mgeni akija, wao waliwapitisha wageni humo. Mwaka huohuo wakapata Tuzo ya Arnold Bode.

Lakini kalamu hiyohiyo hupotosha. Mwanasaikolojia Elizabeth Loftus wa Marekani alionyesha mwaka 1995 kwamba baadhi ya watu wazima wakisimuliwa kuwa walipotea dukani utotoni, huanza "kukumbuka" jambo ambalo halikutokea. Ndiyo maana kila picha iandikwe pembeni: "ilivyokuwa" au "ninavyotaka". Na ile ya pili usiipeleke kwenye kesi ya shamba.

Kwa kuanza, chagua kumbukumbu inayochoma lakini haikulazi macho. Ukiwa na jeraha la kupigwa, kubakwa au kushuhudia mauaji, usilichore peke yako chumbani; lichore ukiwa na mshauri nasaha, maana kumbukumbu ikishaamshwa haisubiri uwe tayari.