Milimita 20 za mvua si maji kidogo

Kila msimu wa mvua ujumbe uleule huzunguka kwenye magrupu: mvua ya milimita 20 haifiki hata nusu ya kidole, kwa hiyo mto hauwezi kufurika, na anayeonya anawatia watu hofu bure. Si kweli, na imani hii inaweza kumfanya mtu avuke mto asiopaswa kuuvuka.

Milimita hupima kina cha maji yaliyotandaa juu ya ardhi yote iliyonyeshewa. Milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Milimita 20 kwenye bonde la kilomita 50 za mraba ni mita za ujazo milioni 1. Sehemu hunywewa na udongo, nyingine huwa mvuke, lakini ardhi ikiwa imelowa tangu jana, maji mengi hukimbilia mtoni, tena kwa saa chache.

Jaribu mwenyewe. Weka kopo lililonyooka kutoka kitako hadi mdomo mahali pa wazi, mbali na miti na paa, kisha pima kwa rula mvua ikikatika. Ndoo iliyopanuka juu haifai, itakupa kipimo cha uongo.

Wengi huchanganyikiwa kwa kutazama chombo kimoja na kusahau ukubwa wa bonde. Kopo lako linaeleza habari za uwanja wako tu. Mto hupokea pia maji ya milimani, hata kwako kukiwa kukavu. Ndiyo maana mtoni husimamishwa nguzo yenye vipimo, isomwe kila siku.

Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mjibu aliyekutumia kwa hesabu hii.