Anoreksia: njaa inapogeuka dawa ya wasiwasi

Wengi wetu tukikaa na njaa tunakuwa wakali, na tukishashiba moyo unatulia. Kwa mtu mwenye anoreksia mara nyingi mambo ni kinyume. Njaa ndiyo inayomtuliza, na sahani ikiwekwa mbele yake wasiwasi unampanda.

Anoreksia ni ugonjwa wa kujinyima chakula hadi kukonda vibaya, huku mgonjwa akiogopa kunenepa. Si maringo, wala si kudeka. Nalisema hili kwa sababu wagonjwa hawa hukemewa sana kabla mtu hajafikiria kuwapeleka hospitali.

Nadharia moja yenye uzito, iliyoendelezwa na Walter Kaye wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, inaanzia kwenye serotonini. Hii ni kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, na inagusa hisia, usingizi na hamu ya kula. Ubongo huitengeneza kwa triptofani, kirutubisho ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Lazima kitoke kwenye chakula kama mayai, samaki au maharage. Kwa mujibu wa nadharia hii, wapo watu ambao mfumo wao wa serotonini una nguvu kupita kiasi, nao huishi na wasiwasi tangu wadogo. Wakiacha kula, triptofani inapungua, serotonini nayo inashuka, na kwa mara ya kwanza wanapata nafuu. Wakila, hofu inarudi.

Utafiti wa Kaye na wenzake wa mwaka 2004 ulihusu watu 672 wenye anoreksia, bulimia (ugonjwa wa kula kupita kiasi kisha kujitapisha au kujitakasa kwa njia nyingine) au zote mbili. Takribani theluthi mbili waliwahi kuugua ugonjwa wa wasiwasi, na kwa wengi ulianza utotoni, kabla ya shida ya kula.

Lakini njaa nayo huzaa mateso yake. Huko Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, vijana 36 wenye afya walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita. Wengi wao walishikwa na huzuni, na mawazo yao yakawa ni chakula tu.

Huenda hii ndiyo sababu dawa za kuongeza nguvu ya serotonini hazimsaidii sana mgonjwa aliyekonda mno: triptofani yenyewe haitoshi. Chakula kinatangulia, na kwa kuwa kila tonge linamtisha, anahitaji mtu wa kukaa naye mezani, bila kumfokea, mpaka amalize na hofu ipungue.